Ufundi wa William Kamkwamba

Wengi wanaomsimulia William Kamkwamba huanza na njaa. Na kweli njaa ilikuwepo. Mwishoni mwa 2001 mahindi yaliadimika Malawi, na katika wilaya ya Kasungu, eneo la Wimbe, familia yake ya wakulima ilifika mahali pa kula mlo mmoja kwa siku. Ada ikakosekana, na kijana wa miaka 14 akaiacha sekondari akiwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza. Sehemu hiyo imeandikwa vitabuni na kuigizwa katika filamu, na inastahili. Mimi lakini nataka kukaa na jambo ambalo wasimulizi hulipita mbio: namna kijana yule alivyofanya kazi kwa mikono yake.

Alianzia kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, yenye vitabu vilivyotolewa msaada kutoka Marekani. Kiingereza kilikuwa kinampa shida, kwa hiyo alianza na michoro. Akiuona mchoro wa sumaku na waya, alishika majina yaliyoandikwa pembeni yake, akayatafuta ndani ya maelezo, neno moja baada ya jingine, mpaka mchoro ukamkubali. Hakuna mwalimu wa uhandisi atakayeikosoa njia hiyo. Kitabu kimoja, Using Energy, kilikuwa na picha ya mitambo ya upepo. Hakikueleza namna ya kuijenga. Kilimwonyesha tu kwamba ipo, basi akaamua kwamba aliyeijenga ya kwanza naye alikuwa mtu.

Vifaa alivitoa kwenye vyuma chakavu: feni ya trekta, shokapu, na baiskeli mbovu ya baba yake. Mpangilio wake ni rahisi kuuelewa ukiutazama bila haraka. Upepo unazungusha mapanga, mapanga yanazungusha gia ya pedeli, mnyororo unavuta gurudumu la nyuma, na gurudumu linasugua dinamo, ileile ya kuwashia taa ya baiskeli usiku. Kila kiungo katika mfuatano huo kilipaswa kuzaliwa mahali pengine na kulazimishwa kukubaliana na mwenzake.

Tuchukue mapanga. Aliyatengeneza kwa bomba la plastiki. Alilipasua kwa urefu, akalishikilia juu ya moto mpaka likalegea, kisha akalilaza chini likawa bapa. Plastiki ya namna hiyo huanza kulainika kabla hata maji hayajachemka, na ukiizidishia moto kidogo tu inababuka na kuwa nyeusi. Kwa hiyo alihitaji macho na subira, na mkono unaojua wakati wa kuondoa. Keekee hakuwa nayo, na hela ya kununulia pia hakuwa nayo. Alichomeka msumari kwenye gunzi la mahindi liwe mpini, akaupasha mpaka ukawa mwekundu, akatobolea plastiki kwa joto. Bisibisi aliipata kwa kupasha spoku na kuiponda ncha.

Halafu zikaja washa, na hapa ndipo mimi humvulia kofia. Ukikaza bolti moja kwa moja juu ya plastiki, kichwa chake kitaitafuna mpaka panga lichomoke na kuruka. Lazima kuwe na kipande bapa cha chuma cha kusambaza ule mkazo. Alienda kuokota vizibo vya chupa za bia nje ya kilabu, akavigonga kwa nyundo vikalala, akavitoboa katikati. Mtu anayekimbilia kuona taa inawaka hafikirii washa. Anayezifikiria ameshauona mtambo wake ukitikisika siku ya upepo mkali, kabla haujasimama.

Mnara wa kwanza ulikuwa wa mikaratusi, kimo cha takriban mita 5. Watu wa kijijini walikuwa wamemwona akitoka na mizigo ya vyuma na wengi walimdhania amerukwa na akili. Siku alipoachia gurudumu, balbu ndogo iliwaka mkononi mwake. Baadaye aliona miti ya jirani inamkatia upepo, akajenga mnara mrefu zaidi ya mara mbili.

Filamu iliyotoka 2019 inaonyesha mtambo ukivuta maji shambani. Ukweli ni kwamba wa kwanza ulileta taa. Pampu ya maji ilikuja baadaye.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote haionekani kutoka nje ya nyumba. Mchwa walikuwa wanatafuna miti ya paa la nyasi, nyaya za taa zikahama, zikagusana, ikapiga shoti. Bahati nyaya zenyewe zilikuwa dhaifu, ziliungua kabla ya kuwasha nyasi. Kijana akarudi kwenye kurasa za sumaku. Alizungushia waya wa shaba misumari miwili, akaweka sumaku ya spika katikati. Umeme ukipita kwa kiasi, kila kitu kinatulia. Ukizidi ghafla, misumari inapata nguvu kubwa ya sumaku, mmoja unaisukuma ile ya katikati na mwingine unaivuta, na njia ya umeme inakatika. Hicho ni kikata umeme, kilichotengenezwa na mtu asiye na cheti chochote cha ufundi. Swichi za taa nazo alizitengeneza kwa mpira wa malapa.

Juni 2007 alisimama Arusha, kwenye mkutano wa TEDGlobal, akaeleza kwa maneno machache alichofanya. Hukohuko ndiko alikoiona intaneti kwa mara ya kwanza. Alirudi shule, akapita African Leadership Academy mjini Johannesburg, na 2014 akahitimu chuo cha Dartmouth huko Marekani. Nia yake ilikuwa ileile ya tangu maktabani: maji ya kumwagilia, ili shamba livunwe mara mbili kwa mwaka na jirani asife njaa kwa kukosa mvua moja.

Walimu wa fizikia na wa ufundi, ombi langu ni kwenu. Betri kuukuu ya gari, sumaku ya spika mbovu, waya wa shaba na misumari miwili vinapatikana kila mji. Kitengenezeni kile kikata umeme mbele ya wanafunzi wenu, kisha waachieni wakifumue na kukiunda upya wenyewe.