Ulimwengu wa Baiti Sita

Mpe mfanyabiashara wa Pangi orodha ya bei ya Elite, mchezo wa kompyuta uliotoka Uingereza Septemba 1984, na atacheka kabla hujamwambia mchezo wenyewe unachezwaje. Tani ya madini: wastani wa krediti 8. Tani ya kompyuta: krediti 84. Pangi ni wilaya ya bati, katika jimbo la Maniema, Kongo. Kalima, iliyomo humu, ilianza kuchimbwa na kampuni ya Symétain miaka ya 1930, ikaingia mikononi mwa kampuni ya Sominki mwaka 1976. Oktoba 1985, mwaka mmoja tu baada ya mchezo huo kutoka, Baraza la Kimataifa la Bati lililokuwa likishikilia bei liliishiwa fedha, bei ikaporomoka, na Sominki haikupata nafuu tena. Mashimo yakawa ya wachimbaji wa sururu na karai. Na bati ndilo kiini cha lehemu inayoshikiza vipuri vya kompyuta kwenye ubao wake. Mara kumi na zaidi kati ya jiwe na mashine: hesabu hiyo hapa haihitaji mwalimu.

David Braben na Ian Bell, vijana wawili waliokuwa wanasoma Cambridge, hawakuwa na habari za Kalima. Walichokuwa nacho ni mashine ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, na sehemu ya hizo ilikuwa imeshaliwa na kioo. Ndani ya nafasi iliyobaki walitia meli, vita, polisi, maharamia na galaksi 8 zenye nyota 256 kila moja. Jumla 2,048, na kila moja ina jina lake, serikali yake, uchumi wake, idadi ya watu wake.

Haiwezekani kuyahifadhi yote hayo, nao hawakuyahifadhi. Mpishi mwerevu hapiki chakula cha wageni ambao bado hawajaonekana njiani. Husubiri, kisha hupika upesi, na kila mara ladha ni ileile. Walichokiweka ni namba tatu, baiti sita kwa jumla. Zijumlishe zote tatu upate namba mpya. Tupa ya kwanza, ile mpya ikae mwisho. Fanya hivyo mara nne na umefika nyota inayofuata. Humohumo katika namba hizo ndimo inamosomwa serikali ya mahali, kiwango cha ufundi, hata jina, linaloungwa kwa jozi za herufi: Lave, Diso, Leesti, Zaonce, Riedquat. (Lave na Diso zingeweza kuwa vijiji vya kando ya mto Elila bila mtu kushtuka.) Rudi Diso baada ya mwezi, ni Diso ileile, ingawa hakuna mahali ilipoandikwa.

Kwa njia hiyo wangeweza kutengeneza mamia ya trilioni za galaksi, na walitamani hivyo. Acornsoft, waliouchapisha, wakawashauri wabaki na nane, kwa kuwa wingi kupita kiasi ungemwonyesha mchezaji kwamba yote yanatoka kwenye kinu kimoja. Ushauri huo nauhesabu kuwa nusu ya kazi.

Lakini ninachokistahi zaidi ni soko. Kila bidhaa kati ya 17 ina baiti nne: bei ya msingi, namba inayoonyesha uchumi wa mahali utaivuta bei upande gani na kwa nguvu gani, kiasi cha msingi kilichopo, na nafasi ya kubahatisha kidogo. Soko zima la galaksi nane limekaa katika baiti 68. Chakula ni rahisi kwa wakulima na ghali penye viwanda. Kompyuta kinyume chake. Unaanza Lave na krediti 100 na meli ya Cobra yenye nafasi ya tani 20, na hakuna anayekuambia la kufanya. Unasoma tofauti ya bei, unapima njia. Serikali ikiwa dhaifu, maharamia ni wengi. Wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kati ya Kindu na vijiji vya ndani wanaujua mchezo huo bila kioo. Kampuni ya Thorn EMI iliukataa Elite, ikitaka maisha matatu na mchezo wa dakika kumi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

Kuna mstari mmoja wa soko hilo unaonikwama kooni. Watumwa wamo katika orodha, kwa wastani wa krediti 8, sawa na madini. Ukiwabeba polisi watakusaka, kweli, lakini baiti zao ni nne kama za vitambaa. Maniema ni nchi ya Nyangwe na Kasongo, ya misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na Kiswahili hiki kilifika huku kwa njia zilezile walizopitishwa watumwa. Kwa bidhaa hiyo mafundi hawa walifikiri haraka mno.

Kwingine hawakuwa na haraka. Kichakataji cha mashine ile hakijui kuzidisha. Kila kuzidisha kulibidi kuandikwe kwa mkono. Ili meli igeuke angani upesi, walichukua njia ya mkato ya hesabu za pembe ndogo, ambayo huacha kosa dogo sana kila mgeuko. Makosa yakirundikana, meli ingepinda umbo polepole mbele ya macho yako. Basi wakaandika kipande cha programu cha kuinyoosha, kinachozipitia meli kwa zamu, moja moja, kwa sababu kuzinyoosha zote kwa pamoja kungeuchelewesha mchezo. Mchezaji haoni chochote.

Na kuhama galaksi? Katika kila moja ya zile baiti sita, biti zote zinasogezwa nafasi moja kushoto, ile ya mwisho ikizunguka kurudi nyuma. Galaksi mpya tayari. Baiti ina biti nane, kwa hiyo mruko wa nane unakurudisha kwenye galaksi ya kwanza, na hawakuhitaji kuandika mstari hata mmoja wa kukurudisha.