Kasi na Ahadi: Uhakiki wa Violesura vya Kuunganisha R na Msimbo wa Mashine

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki njia tatu zinazotumika kuunganisha mazingira ya kitakwimu ya R na msimbo uliotafsiriwa na kompaila kuwa lugha ya mashine. Njia hizo ni .C, .Call na kifurushi cha Rcpp. Aghalabu violesura hivi hupimwa kwa kasi ya ukokotoaji na wepesi wa kuandika. Hoja ya makala hii ni kwamba vipimo hivyo havitoshi. Kigezo kinachopaswa kutangulia ni iwapo kiolesura kinalinda ahadi ambayo R humpa msomaji wa programu: kwamba kitendakazi cha kawaida kilichopewa data hakitaibadilisha data ya aliyekiita. Ahadi hiyo ikivunjwa kimyakimya, mtahini anayesoma msimbo wa R katika kiambatisho cha tasnifu atakuwa anasoma maelezo yasiyolingana na kilichotendeka.

2.0 Usuli

Kuunganisha huku si jambo lililoongezwa baadaye. Lugha ya S, ambayo R ni mrithi wake, ilianza Bell Labs nchini Marekani mwaka 1976, na shabaha yake ya awali ilikuwa kuwarahisishia wachambuzi matumizi ya programu ndogo za Fortran. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. John Chambers, mmoja wa waasisi wa S, katika kitabu chake Extending R cha mwaka 2016, anahesabu violesura na programu nyingine kuwa miongoni mwa kanuni tatu za msingi za R. Msimamo huo una mashiko, lakini unazua swali: ikiwa kiolesura ni sehemu ya R, je, sheria za R huvuka nacho hadi upande wa pili?

Kiutendaji, mtunzi huandika msimbo kwa C, C++ au Fortran, huutafsiri kwa amri ya R CMD SHLIB, hupata faili yenye kiambishi .so katika Linux au .dll katika Windows, kisha huipakia kwa dyn.load. Kuanzia hapo, kitendakazi kilichomo huitwa kutoka ndani ya R.

3.0 Uhakiki

3.1 Kiolesura cha .C

Kiolesura hiki hunakili vekta, hupeleka kielekezi cha nakala hiyo kwa C, na hurudisha orodha ya matokeo. Hulaumiwa kwa kupoteza muda na kumbukumbu. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haisemi yote, kwa sababu kunakili huko ndiko kunakoilinda data asilia. Hata hivyo, ulinzi huo una mpaka: C haiujui urefu wa vekta isipoambiwa, na inaweza kuandika nje ya eneo lake.

3.2 Kiolesura cha .Call

Hapa R hupeleka kitu chenyewe bila kukinakili. Kasi huongezeka, na mzigo humhamia mtunzi. Ni lazima avilinde kwa PROTECT vitu vipya anavyoviunda, la sivyo vinaweza kufagiwa kutoka kwenye kumbukumbu vikiwa bado vinatumika. Pia asiandike juu ya data aliyopokea, kwa kuwa R huchelewesha kunakili na majina mawili yanaweza kuelekea vekta moja. Mzigo huu ni mzito, ila una sifa moja: uko wazi mbele ya macho ya mtunzi.

3.3 Kifurushi cha Rcpp

Rcpp, kilichoelezwa na Dirk Eddelbuettel na Romain François katika Journal of Statistical Software mwaka 2011, kinamwondolea mtunzi kazi ya PROTECT na kuifanya C++ isomeke karibu kama R. Mafanikio hayo hayana ubishi. Udhaifu wake umo katika ulaini huohuo. Tuchukue kitendakazi kinachopokea NumericVector na kutoa wastani kutoka katika kila thamani, papo hapo. Kikipewa x yenye namba za desimali 2, 4 na 6, x ya mtafiti yenyewe hugeuka kuwa -2, 0 na 2. Akikokotoa tena wastani wa x, atapata 0 badala ya 4, bila onyo lolote. Lakini x ikiwa imehifadhiwa kama namba kamili, Rcpp huigeuza kwanza kuwa vekta mpya ya desimali, na ile asilia husalimika. Kwa hiyo jaribio la haraka kwa 1:10 litafaulu, ilhali data halisi ya utafiti itaharibika. Dawa ni kutumia clone, lakini hakuna chochote katika mwito wa R kinachomwonyesha msomaji kama dawa hiyo imetumika.

4.0 Mjadala

Inaweza kudaiwa kwamba miongozo imekwisha kutoa tahadhari. Dai hilo linamtosha mtunzi, halimtoshi mtahini, ambaye mbele yake pana mwito tu. Wala suluhisho si kuacha msimbo wa mashine: mizunguko ambayo kila hatua hutegemea iliyotangulia, kama ile ya sampuli za Markov, huwa mizito mno katika R peke yake.

Hata uhakiki wa kawaida una mtego. Mtafiti akiandika y <- x kabla ya mwito, kisha akalinganisha y na x baadaye, ataziona zinafanana, kwa kuwa zote mbili zimebadilika pamoja. Ulinganisho wa kweli unahitaji data iliyosomwa upya kutoka kwenye faili. Mali bila daftari huisha bila habari, na y hapa si daftari.

5.0 Hitimisho

Kwa kigezo cha ahadi, .C ni ghali lakini haigusi data asilia, .Call ni hatari iliyo wazi, na Rcpp ni wepesi unaoficha hatari. Makala inapendekeza kwamba tasnifu inayotumia msimbo wa mashine iambatishe msimbo asilia wa C au C++, ioneshe majaribio kwa namba kamili na kwa desimali pia, na ithibitishe kuwa data haikuguswa. Kasi ipimwe baada ya hapo.