Sinema «Viva Riva!»: nani mwizi?

Huko Baraka tuliangalia sinema «Viva Riva!» ya Djo Tunda Wa Munga, iliyotoka mwaka 2010. Riva ameiba esanse ya César, mukubwa wa wezi wa Angola, naye anaileta Kinshasa, muji uliokauka esanse. Kila mutu anaitamani. Basi nani si mwizi? Kesho yake, tulipopanda kurudi Fizi, tulibishana juu ya yule komanda mwanamuke. César anamushurutisha kumutafuta Riva kwa vitisho juu ya ndugu yake. Wengine walisema: hana kosa. Sisi tunaona hofu inapunguza kosa, hailiondoi. Lakini sinema haimupi nafasi ya kuuliza zamiri yake. Inakimbilia bunduki na uzinifu. Kilingala chake wengi hawakukisikia. Hofu ya uso wake waliisikia wote.