"Mama" na "Mwenyekiti": Uhakiki wa Majina ya Heshima ya Mwanamke Kazini

Imekuwa ada ya wanaisimu wetu, kila unapozuka mjadala juu ya usawa wa wanawake na wanaume, kuinua vichwa kwa fahari na kudai kwamba Kiswahili hakina dhambi hiyo. Sarufi yetu, husema, haibagui. Kiambishi a- katika sentensi "Mkurugenzi amefika" hakituelezi kama aliyefika amevaa buibui au kanzu. Neno mwenyekiti halikuhitaji marekebisho, ilhali Waingereza walilazimika kulibadili neno lao la cheo hicho ili wamtoe mwanamume aliyekaa ndani yake. Rais, jaji, waziri, gavana, mhadhiri: wote huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA bila kuulizwa jinsia. Hoja hii ina ukweli, na kwa sababu ina ukweli imetulaza usingizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubaguzi ambao sarufi iliukataa mlangoni umeingilia dirishani, kwa njia ya majina ya heshima, na hasa kwa lile jina tulipendalo kuliko yote, yaani mama.

Sarufi yenyewe nayo si malaika. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Jambo hilo limekwisha kusemwa mara nyingi na halihitaji kurudiwa hapa. Lenye uzito zaidi kwa suala la kazi ni alama tuzitiazo sisi wenyewe pale ambapo ngeli haikutia yoyote. Twasema jaji mwanamke, rubani mwanamke, dereva mwanamke, lakini ni nadra kusikia jaji mwanamume ila katika orodha za takwimu. Kwa upande wa pili twasema muuguzi wa kiume. Mpishi wa hoteli ni mpishi, ana kofia na mshahara. Apikaye nyumbani anapika tu, amepewa kitenzi akanyimwa cheo. Na mwanamke akionyesha uimara kazini husifiwa kwa kuitwa jikedume, kana kwamba uimara huo ameuazima kwa jirani. Ajabu ni kwamba lugha hiyo hiyo, itakapo kueleza bidii ya mtu yeyote, hata askari mwenye ndevu, husema amejifunga kibwebwe; na kibwebwe si kingine ila kanga aliyoikaza mwanamke kiunoni apate kufanya kazi au kucheza ngoma. Tumelichukua vazi, tukamsahau mvaaji.

Na tuliangalie sasa neno mama. Katika ofisi zetu, mkuu wa kiume huitwa mzee, au mkubwa, au bosi, au huitwa kwa cheo chake. Majina hayo yote yana amri ndani yake. Mzee hata hahitaji kuwa na mtoto. Kijana wa miaka 35 aliyepewa ofisi yenye zulia huwa mzee siku hiyo hiyo. Mkuu wa kike huitwa mama. Lakini mama ndiye pia yule afagiaye ukumbi, na yule auzaye chai langoni. Mtu aweza kusema kwamba huo ndio usawa wenyewe, kwamba neno limewapandisha wote daraja moja. Mimi naona sivyo. Jina lisilotofautisha mkurugenzi na mfagiaji halikumpandisha mfagiaji. Mshahara wake haukuongezeka hata senti. Lililotendeka ni kwamba mkurugenzi amepokonywa alama ya ukurugenzi wake, tena kwa upole, hata hawezi kulalamika bila kuonekana mkali.

Hapana budi tuitazame semantiki ya neno hili. Mama huombwa. Mama husamehe. Mama akikataa, amekasirika. Mwenyekiti akikataa, ameamua. Kazi ya mama haina saa za kuanza wala za kumaliza, haina masharti ya ajira, haina likizo, na atakayetaka ilipwe huonekana amekufuru. Neno linapohamishwa kutoka nyumbani hadi ofisini halihami peke yake, bali huja na mizigo hii yote. Ndipo twamwona mkuu wa idara akitarajiwa kukumbuka misiba, kupanga chai ya mkutano na kusuluhisha ugomvi wa makarani, juu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Msomaji wa Kenya atanikatiza hapa na kunikumbusha marehemu Raila Odinga, ambaye maelfu walimwita "Baba" hadi alipofariki Oktoba 2025. Ukumbusho huo ni wa haki. Lakini jina lile lilizaliwa na kukulia katika mikutano ya hadhara, na watu walilitoa kwa hiari kwa mtu mmoja. Alipokuwa Waziri Mkuu, kati ya 2008 na 2013, mwanamume mwingine yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya jirani hakuwa baba kwa makarani wake. "Baba" lilikuwa lakabu ya mtu, ilhali "mama" ni lakabu ya jinsia nzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Litasemwa kwamba mama ni heshima yetu wenyewe, na kwamba kuionea haya ni kuvaa miwani ya kigeni. Ushahidi upo karibu, katika Kigiriama. Mwanamke aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 kuupinga utawala wa Waingereza, waliotaka vijana wao wakafanye kazi mashambani kwa wageni, alizaliwa akaitwa Mnyazi wa Menza. Jina tunalomjua nalo, Mekatilili, lina maana ya mama wa Katilili, mtoto wake wa kwanza. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Hakuna atakayesema kwamba jina la umama lilimpunguza. Lakini tuzingatie mfumo uliolizaa jina hilo. Katika jamii ile baba naye aliweza kuitwa kwa jina la mtoto wake; jozi ilikuwa kamili, na uongozi, uzazi na kazi vilikaa chini ya paa moja. Ofisi imeivunja jozi hiyo. Mwanamume amehamia katika majina ya cheo, na mwanamke ameachwa katika majina ya nyumbani. Neno ni lile lile. Mahali pake pamebadilika.

Wala si kweli kwamba mapokeo yetu hayakuwa na njia nyingine. Pwani ilikuwa na mwana, jina la hadhi la mwanamke muungwana na mtawala, kama lilivyo katika jina la Mwana Khadija wa Pate na la Mwana Kupona mtunzi. Tena tunao mfano wa jina lililopatikana kwa kazi. Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, kama mwaka 1880, aliitwa Mtumwa binti Saad. Alichukua vyungu kichwani kuviuza mjini; kisha akajifunza kuimba, akaongozana na wanaume wapigaji wa ala, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sauti yake katika santuri. Njiani hapo Mtumwa aligeuka Siti, yaani bibi wa heshima. Shaaban Robert, katika wasifu wake uliochapishwa 1958, anamsifu sana kwa kipaji na tabia njema. Kwa maoni yangu anakitegemea kipaji mno. Msomaji wa leo angependa kusikia zaidi juu ya mapatano na malipo, na jinsi mwanamke mmoja alivyoshika hatamu za kundi la wanaume. Hata hivyo jina lenyewe linatosha kuwa hoja: halikutoka kwa mume wala kwa mtoto.

Alamin Mazrui, katika tamthilia ya Kilio cha Haki ya 1981, analichukua suala hili hadi shambani kwa Delamon. Lanina anawaongoza wafanyakazi wenzake, na anapigana katika medani mbili kwa wakati mmoja: mwajiri mbele yake, na nyuma yake shaka ya wanaume wa upande wake mwenyewe, akiwemo Mwengo mumewe. Mwandishi amempakia Lanina wema mwingi hata mara nyingine twaona bendera badala ya mtu. Lakini ameliona jambo ambalo wahakiki wengi hawakulitilia maanani, kwamba swali aulizwalo kiongozi wa kike kwanza si "Unataka nini?" bali "Wewe ni mke wa nani?"

Swali hilo lina gharama ya fedha. Wangari Maathai, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Anatomia ya Wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1976, ameeleza katika kitabu chake cha 2006 jinsi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walivyodai masharti sawa ya kazi. Mhadhiri wa kike aliyeolewa hakupewa nyumba na marupurupu kama wenzake wa kiume, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba mumewe ndiye wa kupewa. Kazini alikuwa mhadhiri; penye malipo aligeuka bibi wa fulani. Sheria ya Ajira ya 2007 imeamuru malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na Katiba ya 2010 imekataza jinsia moja kuzidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Sheria huhesabu vichwa na shilingi. Namna ya kuitana imeachiwa sisi wa lugha.

Wenye vyeo wameanza kulitambua jambo hili kabla yetu. Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoushika urais wa Tanzania, aliwaambia wenye wasiwasi kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, na kwamba maumbile yake ni ya kike. Alitanguliza cheo, maumbile yakafuata. Magazeti na majukwaa hayakukawia kumwita Mama Samia, na chama chake kikalipenda jina hilo kwa manufaa yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwanachama wa kamati moja ambayo sitaitaja. Katika jalada la kumbukumbu, chini ya mwenyekiti wa kiume, karani alikuwa akiandika: "Mwenyekiti aliagiza alama ziwasilishwe Ijumaa." Alipokuja mwenyekiti wa kike, agizo lile lile liliandikwa: "Mama aliomba alama ziwasilishwe Ijumaa." Alizikata kwa wino mwekundu zile kumbukumbu, akaandika juu yake mwenyekiti aliagiza, kisha akatia sahihi. Mkutano uliofuata karani alisoma sentensi iliyosahihishwa kwa sauti kubwa, neno kwa neno, akafunga jalada, akamgeukia na kusema, "Asante, Mama."