Jinsi homoni ya ukuaji ilivyopatiwa kipimo

Zamani, aliyetaka kupima nguvu ya homoni ya ukuaji alimdunga panya aliyeondolewa tezi ya pituitari, akangoja siku kadhaa, kisha akapima upana wa gegedu kwenye mfupa wa muundi. Kwa dawa iliyokolea, njia hiyo ilitosha. Kwa damu ya mtu haikufua dafu, maana humo homoni hii huhesabiwa kwa nanogramu tu katika kila mililita.

Mlango ulifunguliwa Bronx, New York, ambako Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa tayari wamepima insulini kwa kingamwili. Ndani ya mrija huwekwa kingamwili chache, homoni kidogo iliyotiwa mionzi, na damu ya mgonjwa. Homoni hizo mbili hugombea kingamwili zilezile. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, yenye mionzi hukosa pa kushika. Kadiri mionzi iliyonaswa inavyopungua, ndivyo homoni ya mgonjwa ilivyo nyingi.

Yalow alipewa Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki, na sifa hizo ni haki yao. Lakini kwa homoni ya ukuaji, mimi nawapa heshima kubwa pia Hunter na Greenwood wa Uingereza. Homoni yenyewe ilikamuliwa kutoka tezi za maiti, kwa hiyo ilikuwa adimu, na ukiitia mionzi kwa pupa inaharibika hata kingamwili zisiitambue. Mwaka 1962 walichukua mikrogramu chache, wakaongeza iodini-131 na kloramini-T, wakauacha mchanganyiko kwa sekunde tu, kisha wakausimamisha kwa metabisalfaiti. Homoni ikatoka na mionzi mikali, umbo lake likiwa salama.

Mwaka uliofuata, kundi la Bronx lilionyesha kwamba sukari ikishuka, homoni hii hupanda ghafla. Kwa kuwa hutoka kwa mafungu, damu ya mara moja haithibitishi upungufu kwa mtoto mfupi. Homoni huchochewa kwanza, kisha hupimwa mara kadhaa.

Siku hizi kingamwili mbili huibana homoni pande mbili, mara nyingi bila mionzi. Hata hivyo homoni ina maumbo zaidi ya moja: kubwa la kilodaltoni 22, na dogo la 20. Kingamwili nyingine huona yote, nyingine moja tu. Ndiyo maana damu ileile hutoa namba tofauti katika maabara mbili, hata zote zikitumia kipimo rejea cha WHO, 98/574, ambacho ni umbo la 22 peke yake.