Dripu ya kasi na jaribio la Muheza

Mtoto mwenye homa kali analetwa hospitali hajitambui, anahema kwa shida, viganja na nyayo vimepoa. Damu haizunguki vizuri: huu ndio mshtuko. Miongozo ya nchi tajiri ilitaka apewe dripu ya kasi papo hapo. Lakini huko, maji yakimzidi, ipo mashine ya kumsaidia kupumua. Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, haikuwa nayo.

Kuanzia 2009 Muheza iliungana na Kilifi ya Kenya na hospitali nne za Uganda katika jaribio la FEAST, lililoongozwa na mtafiti Kathryn Maitland. Kwanza wahudumu walifundishwa kumtambua mtoto mahututi mara tu anapofika, na oksijeni ikawekwa tayari. Kisha kwa kila mtoto ilifunguliwa bahasha yenye namba, kwa mfuatano, ili daktari asichague nani apate nini. Makundi mawili yalipewa ndani ya saa moja mililita 20 za maji kwa kila kilo ya uzito, baadaye kiwango kikapandishwa hadi 40: kundi moja maji ya chumvi, jingine albumini (protini ya damu). La tatu lilipata dripu ya polepole tu. Dawa za malaria, antibiotiki na damu walipewa wote waliozihitaji.

Uzito wa kazi hii uko kwenye kundi la tatu. Baada ya saa moja, waliopewa dripu ya kasi ndio walioonekana kupata nafuu zaidi: dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa wengi zaidi kuliko katika kundi la tatu. Bila watoto wa kuwalinganisha nao, daktari yeyote makini angeapa kwamba tiba imefaulu. Lakini kufikia saa ya 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa dripu ya polepole. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingizwa, usajili ulisimamishwa.

Wengi walidhani mapafu ndiyo yaliyojaa maji. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango na kasi ya dripu katika miongozo yake. Lakini watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika jaribio hili. Aliyekaukiwa maji kwa kuhara bado anayahitaji upesi, na matokeo ya FEAST yasitumiwe kumnyima.