Kisiwa cha Ukerewe katika Riwaya Zake

Ziwa Victoria li mbali na Omurushaka. Mwalimu wa Karagwe atakaye kufika Ukerewe ana safari ndefu ya nchi kavu, na mwisho wake hana budi kupanda chombo. Wengi wetu basi tumekijua kisiwa hicho kwa vitabu tu, na wengine hatutakikanyaga kamwe. Si vibaya, walakini yafaa tujiulize, mtu aijuaye nchi kwa riwaya ajua nini hasa? Twataka kuzipima hapa riwaya mbili za Wakerewe wawili, kwa kuwa twaona hazisomwi ipasavyo: ya kwanza husifiwa kwa sababu isiyo kubwa, na ya pili huogopwa pasipo haki.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu, nacho chapata kilometa za mraba 530 hivi. Jina lake lilivuma hata baadhi ya wachora ramani wa Ulaya, katika karne ya 19, wakaliita ziwa zima kwa jina hilo. Stanley alifika kwa Omukama Lukonge mwaka 1875 akitafuta mitumbwi. Katika habari za wasafiri wa namna yake twaona mitumbwi na wafalme, lakini ndani ya nyumba hatuingii. Riwaya ndiyo ifunguayo mlango. Nasi watu wa Karagwe twaingia kwa wepesi kuliko wengine, maana Kikerewe ni ndugu wa Kinyambo, Kihaya na Kizinza, na masimulizi ya ukoo wa kifalme wa Wasilanga yasema kwamba walitoka Ihangiro.

Kitabu cha kwanza ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, cha Aniceti Kitereza. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, huku huku kwetu Kagera, tangu mwaka 1909 hata 1919. Alimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, naye Padre Simard wa White Fathers alimtia moyo. Lakini mchapaji wa Kikerewe hakupatikana. Ikambidi mzee akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla vitabu havijamfikia mkononi.

Watu husema kitabu hiki ni ghala ya desturi, nao wasema kweli. Mna humo kutengeneza pombe ya ndizi, uvuvi, ufugaji, dawa za miti, salamu, adabu za wakwe. Lakini asomaye kwa ajili ya desturi peke yake amechukua maganda akaacha ndizi. Tazameni hadithi yenyewe. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke, na wazazi wake waja kumchukua binti yao. Mume hataki kuoa mwingine. Aenda ukweni kuomba, na wakwe wamtoza pombe ya ndizi. Hapo mwandishi aeleza kazi ya pombe kwa urefu, na msomaji mwenye haraka hufungua kurasa kumi mbele. Na asifanye hivyo! Urefu ule ndio kipimo cha mapenzi ya mtu huyu. Sisi tuliokulia penye migomba twajua kazi iliyomo katika pombe hiyo: kuvundika, kukamua, kungoja, kisha kubeba. Myombekere hasemi sana kwamba ampenda mkewe. Autafuta mtungi, aujaza, aenda nao. Desturi hapa si pambo la hadithi, ndiyo hadithi.

Hatusemi kwamba kitabu hakina kasoro. Mara nyingi mwandishi awaacha watu wake njiani akasimama kutufundisha, hata twasahau walikokuwa wakienda. Lakini turudi kwenye majina ya watoto waliozaliwa hatimaye, baada ya mganga kumtibu Bugonoka. Mnyambo hahitaji mfasiri mrefu. Katika Ntulanalwo asikia neno la kukaa, na neno la kifo, *orufu*: yaani, nakaa nacho siku zote. Katika Bulihwali asikia neno la kwisha: huzuni itakwisha lini? Ndiyo majina ya watoto wa furaha! Wazazi wamepata walichokililia, na hofu haikuondoka nyumbani. Kitereza mwenyewe na mkewe walizika watoto wao wangali wadogo. Hatutaki kusema kwamba kitabu ni maisha yake. Twasema tu kwamba aliijua bei ya neno mtoto.

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, naye pia alipita seminari. Alifariki mwaka 2020. Jina la kitabu latoka katika litania ya Bikira Maria, na kijiji cha hadithi ni Namagondo yenyewe. Ni kisiwa kile kile, walakini msomaji atokaye kwa Kitereza hukitambua kwa shida. Katika nyumba ya Zakaria na Regina watoto wapo, tena mabinti wengi, wenye majina ya Kilatini. Kinachokosekana ni baba. Zakaria ni mlevi. Amlinda Rosa kwa fimbo, ampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hamfundishi neno. Binti aenda shule ya masista, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko uhuru usio na mafunzo wamwangamiza, mwisho ajiua.

Kitabu hiki kilizuiwa mashuleni kwa muda, na hata baada ya kuruhusiwa tumewasikia walimu wakisema heri mwanafunzi asome Kitereza, asijifunze uchafu. Twaona wamekosea. Kezilahabi ana kasoro yake: huharakisha, hurundika misiba mpaka msomaji ashindwa kulia. Lakini hapendezi uovu. Auliza swali lile lile la Kitereza kutoka upande wa pili. Yule auliza, nyumba ifanyeje ipate mtoto? Huyu auliza, ikiisha kumpata, imfanyeje? Katika kitabu cha kwanza mume abeba mtungi wa pombe kwenda kuikomboa ndoa yake; katika cha pili pombe ile ile yaibomoa nyumba. Asomaye kitabu kimoja tu amepata nusu ya kisiwa, tena nusu idanganyayo: ama Ukerewe ya wahenga isiyo na dhambi, ama Namagondo isiyo na mizizi.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza ni hili. Riwaya haitufundishi kisiwa kwa kuhesabu desturi zake, maana desturi zaweza kuandikwa katika orodha na mgeni yeyote. Yatufundisha yale wenyeji wake wanayoyahofia wakilala usiku. Mkerewe wa Kitereza na Mkerewe wa Kezilahabi wanahofia jambo moja, na jambo hilo lipo Karagwe pia. Ndiyo sababu twawasihi walimu na mapadre wasiwatenge waandishi hawa wawili, wala wasimfiche Rosa kwa binti ambaye kesho atapanda basi kwenda chuoni peke yake. Binti huyo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kukisoma, na mzazi wake wa pili.

Na kwa darasa twapendekeza kazi moja nyepesi. Wanafunzi wakiisha kusoma habari za Ntulanalwo na Bulihwali, kila mmoja aende nyumbani amwulize bibi au babu maana ya jina lake la Kinyambo, na siku alipopewa nyumbani kulikuwa na nini. Majibu yaandikwe kwa Kinyambo kwanza, kisha kwa Kiswahili, kama alivyofanya mzee Kitereza.